Sebule ya kisasa Nairobi: mwongozo kamili kutoka chumba kitupu mpaka pazia

Miaka michache iliyopita tulihamia fleti ya gorofa ya nne huko Umoja, na kabla hata hatujalala usiku wa kwanza nilikuwa nimeshaagiza sofa ya watu saba kwa fundi. Sofa yenyewe ilikuwa safi, mbao nzuri, kitambaa nilichagua mwenyewe. Ikafika Jumamosi kwa pikapu, ikapanda gorofa ya kwanza, ya pili, na pale ngazi inapogeuka kwenda ya tatu ikakwama kabisa, vijana wanne wameishikilia hewani na hakuna pa kuigeuzia. Ilibidi ivutwe kwa kamba kupitia balkoni. Na ilipoingia ndani ndio nikaona shida kubwa zaidi, mlango wa balkoni sasa ulikuwa unafunguka nusu tu, na kutoka mlangoni hadi jikoni lazima upite kiupande.

Tangu hapo nimesaidia ndugu, majirani na watu wa kazini kupanga nyumba zao, na kitu naambia kila mmoja ni kile kile: sebule haianzii kwa duka la fenicha. Inaanzia kwa chumba chenyewe. Mwanga unaingia wapi na saa ngapi, watu wanapita wapi, nani anakaa hapo na anafanya nini. Ukishajua hayo, kununua inakuwa kazi rahisi. Nimeandika hatua zote hapa, za wanaokodi na za wale mnajenga, na nimekaa zaidi kwa zile naona watu wanaruka mbio.

Hatua ya kwanza: pima nyumba ikiwa tupu

Nunua tepu ya kupimia ya mita tano, haina bei kubwa, na uende kwa nyumba siku unapewa funguo kabla gari la mizigo halijafika. Pima urefu na upana wa sebule, pima kimo kutoka sakafu hadi dari. Pima kila mlango na uandike unafungukia upande gani. Pima dirisha, alafu pima pia kutoka sakafu hadi pale dirisha linaanza, watu husahau hii na baadaye mgongo wa sofa unafunika nusu ya kioo. Weka alama ya kila soketi, kila swichi, na penye waya wa TV unatokea ukutani. Ukimaliza ndani toka nje upime mlango mkuu, upana wa ngazi, na ile sehemu ngazi inageukia. Kama kuna lifti pima mlango wake na ndani yake pia. Andika yote kwa simu, usiamini kichwa chako.

Sasa chora kwa karatasi ya grafu, mraba mmoja uwe sentimita 10. Lakini mimi naona karatasi haitoshi. Kuna njia inafanya kazi kushinda zote nayo ni magazeti: tandika magazeti sakafuni kwa saizi kamili ya sofa unayotaka, meza, stendi ya TV, yashike na selotepu, alafu ishi nayo siku mbili. Pita na beseni la nguo ukienda balkoni. Waite watoto wapite. Utashangaa venye kitu kilionekana kidogo kwa duka kinakula chumba.

Vipimo vya kushika ni hivi. Njia ya kupita watu, sentimita 80 hadi 90. Kati ya sofa na meza ya katikati, sentimita 40 hadi 45, ndio mtu afikie kikombe bila kuinuka na bado magoti yapite. Sofa ya watu watatu kwa kawaida ina urefu wa mita 2 hadi 2.2 na kina cha sentimita 85 hadi 95, na hiyo kina ndio watu hawaulizi. Chukua sebule ya mita 3 kwa 4.5, ambayo si ndogo kwa fleti. Ukiweka sofa mbili zinatazamana, kila moja sentimita 90, katikati inabaki sentimita 120. Weka meza ya sentimita 60 hapo, kila upande inabaki 30. Huwezi kupita hapo bila kugonga mguu, kila siku, mpaka siku utahama. Kwa chumba kama hicho heri sofa moja ukutani na viti viwili vyepesi, ama sofa ya umbo la L ambayo mkono wake mfupi hauzibi njia.

Na kama sebule yako ni nyembamba usione kama umeonewa. Nyumba za mawe za Lamu, zile za zamani, vyumba vyake ni vyembamba na virefu, sababu dari ilikuwa inabebwa na boriti za mikoko na boriti hizo haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Wenyewe walifanya nini? Walipeleka vitu ukutani. Walitengeneza zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyopangwa safu kwa safu, ndani yake sahani za kaure na vitabu, na sakafu ikabaki wazi. Mimi huwa nafikiria zidaka kila nikiona mtu Roysambu ameleta kabati la ukuta mzima la kina cha nusu mita kwa chumba cha mita tatu. Rafu za kina cha sentimita 20 hadi 25 zilizopigwa ukutani zinabeba karibu kila kitu ambacho lile kabati linabeba, na chumba kinapumua.

Hatua ya pili: lifuate jua siku nzima

Hii ndio hatua naipenda na ndio inarukwa zaidi. Nairobi iko karibu sana na ikweta, digrii moja na kidogo kusini yake. Maana yake ni kwamba jua letu haliko upande mmoja mwaka mzima. Mwezi wa Juni saa sita mchana jua limeegemea kaskazini, Desemba limeegemea kusini, na Machi na Septemba liko juu ya utosi. Lakini asubuhi na jioni, mwaka mzima, linaingia kutoka mashariki na magharibi likiwa chini, na hilo la chini ndio lina shida, kwa sababu hakuna kibaraza kinaweza kulizuia.

Kwa hivyo simama kwa sebule saa tatu asubuhi, saa sita, na saa kumi jioni. Dirisha likiangalia magharibi, Januari na Februari jioni hapo pataiva, kitambaa cha sofa kitapauka upande mmoja na TV haitaonekana. Hapo unahitaji pazia zito, na sofa usiiweke jua linapopiga moja kwa moja. Dirisha la mashariki ni baraka, hasa Julai wakati Nairobi imefunikwa na mawingu na baridi ya asubuhi inashuka hadi digrii 11 au 12, hata hilo jua kidogo la asubuhi likitokea unalitaka ndani. Dirisha la kaskazini au kusini ndio rahisi kuishi nalo.

Sasa kuna fleti ambazo jua halifiki kabisa, zimebanana, ukifungua dirisha unaangalia ukuta wa jirani. Pipeline, Zimmerman, sehemu nyingi za Kahawa West ziko hivyo. Hapo usipigane na giza kwa kuongeza taa tu. Kwanza toa kila kitu kimesimama mbele ya dirisha. Pili, osha vioo, ndani na nje, vumbi la Nairobi linakula mwanga mwingi kuliko unavyodhani. Tatu, dari iwe nyeupe kabisa, na ukuta ule unapokea mwanga wa kwanza uwe wa rangi nyepesi. Nne, kioo kikubwa cha kujitazama ukiweke kwa ukuta ulio pembeni mwa dirisha, karibu nalo, kitatupa mwanga ndani ya chumba. Ukikiweka kiangaliane na dirisha kinakuonyesha tu ukuta wa jirani mara ya pili.

Jambo lingine la dirisha, zile nafasi za hewa juu yake ambazo nyumba zetu nyingi huwa nazo. Watu huziziba na magazeti Julai. Tafadhali usizibe, na zaidi ya yote usiwashe jiko la makaa ndani ya sebule imefungwa ili kupasha joto. Gesi ya jiko hilo haina rangi wala harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Baridi inazuiwa na karpeti, pazia nzito na blanketi kwa sofa.

Hatua ya tatu: angalia unyevu kabla ya rangi

Ukihamia nyumba ya chini, ama ile iko juu kabisa chini ya paa, ama sebule imepakana na bafu, chunguza kuta. Rangi ikiwa imevimba, ama kuna unga mweupe kama chumvi unatoka karibu na sakafu, maji yanatoka mahali. Kuna jaribio rahisi. Kata kipande cha nailoni safi ama foili, kibandike ukutani na selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Ukikuta maji upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta na lazima chanzo kitafutwe, bomba ama msingi. Ukikuta maji upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani na unahitaji hewa. Ukipaka rangi juu ya ukuta mbichi umetupa pesa, mvua za Aprili zikija itabanduka yote.

Kama unakodi, piga picha, mtumie kereteka ama landilodi kabla hujaingiza vitu, na uweke hizo meseji.

Rangi yenyewe sasa. Hesabu iko hivi: lita moja inapaka karibu mita 10 za mraba kwa koti moja, kidogo zaidi ukuta ukiwa laini. Sebule ya mita 3 kwa 4.5 yenye kimo cha mita 2.6 ina mzunguko wa mita 15, mara 2.6 ni mita 39 za mraba, toa milango na madirisha tuseme 7, inabaki 32. Makoti mawili ni 64. Kwa hivyo lita sita na nusu hivi, mikebe miwili ya lita nne inatosha na unabaki na ya kurekebisha. Fundi akikwambia anataka ndoo ya lita 20 kwa hicho chumba muulize vizuri anapaka nini kingine.

Kuhusu rangi gani, mimi nina msimamo. Kijivu kila mahali, ukuta kijivu, sofa kijivu, karpeti kijivu, imekuwa ndio kisasa kwa miaka sasa na kwa fleti yenye jua la kutosha ni sawa. Kwa fleti ya giza, Julai, hiyo nyumba inakuwa kama ndani ya wingu. Jaribu maziwa yaliyokolea, rangi ya mchanga, kijani ya majani makavu, ama ile nyekundu ya udongo wetu wa Kiambu kwa ukuta mmoja tu. Na usichague kwa kadi ndogo ya dukani. Paka kipande cha katoni kubwa, kizungushe kwa kuta tofauti asubuhi, mchana na usiku taa ikiwa imewaka. Rangi moja inaweza kubadilika mara tatu kwa siku.

Hatua ya nne: hesabu watu, alafu ununue viti

Sasa ndio tunafika kwa sofa. Jiulize siku ya kawaida mnakaa wangapi hapo. Wengi wetu ni wanne, watano. Ile siku ya chama, ama wazee wamekuja kutoka ushago, ama kuna maombi, mko kumi na tano. Watu hununua viti vya ile siku moja na kuteseka nazo siku zingine zote. Mpango wangu ni viti vya kudumu vya watu wa nyumba na wageni wawili, alafu vigoda ama pufu tatu nne zinazoingia chini ya meza au kukaa pembeni, na viti vya plastiki vya kupangana vikae stoo. Lakini wazee uwafikirie hasa. Kiti cha mama mzee kisiwe cha chini sana wala laini mpaka anazama, kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48 na mkono wa kushikilia akiinuka. Hiki kitu kidogo kinaonyesha heshima kuliko kitambaa cha bei.

Ukinunua kwa mafundi wa Ngong Road ama Gikomba, unalipa kazi ya mikono na unaweza kuagiza saizi yako kamili, ndio maana tulipima. Lakini uwe na macho. Mwambie fundi unataka kuona fremu kabla haijavalishwa kitambaa, na malipo yagawanywe: kiasi cha kuanza, kiasi ukishaona fremu, na cha mwisho ukipokea. Kwa fremu angalia mbao zimekauka. Saiprasi si mbaya kwa fremu, watu huidharau bure, shida ni saiprasi mbichi, inajipinda baada ya miezi na sofa inaanza kulia. Angalia kona, ziwe na gundi na skrubu na kipande cha mbao cha kushikilia ndani, sio misumari peke yake. Sofa ikiwa tayari inua mguu mmoja wa mbele kama sentimita 15 kutoka chini. Mguu wa pili wa mbele ukiinuka nao haraka, fremu ni ngumu. Ukibaki chini na sofa inajikunja kama mkeka, iache.

Kwa fomu, ile sponji ya kukalia, kaa. Usibonyeze na kidole, kaa dakika kumi ukiongea na fundi. Ukihisi mbao chini yako leo, fikiria baada ya mwaka. Foronya za mito ziwe na zipu zitolewe zifuliwe, na kama una watoto wadogo achana na velveti ya rangi ya krimu. Ngozi bandia ya bei ya chini huanza kuchanika vipande vipande, kitambaa kilichofumwa vizuri kinadumu zaidi.

Miguu ya sofa iwe ya sentimita 12 hadi 15. Fagio na mopu vinapita chini, na jicho likiona sakafu ikiendelea chini ya sofa chumba kinaonekana kikubwa. Na omba miguu iwe ya kufunguliwa na sofa ya L iwe ya vipande viwili. Ngazi zetu mnazijua.

Hatua ya tano: TV na stima

TV isikae mbele ya dirisha wala ikiangaliana nalo. Iwe kwa ukuta wa pembeni. Katikati ya kioo iwe karibu sentimita 105 kutoka sakafu, hapo ndio macho ya mtu aliyekaa yako. Siku hizi watu wanaipachika juu kama ya hotelini na wanaishi na shingo inauma. TV ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi, inatosha ukikaa mita 1.6 hadi 2. Ya inchi 55 ina upana wa kama sentimita 122, nayo inataka mita 2.1 kwenda 2.7. Rudi kwa kipimo chako cha chumba kabla ya ofa ya dukani.

Kama unajenga ama unarekebisha nyumba yako, weka soketi nne nyuma ya TV, mbili kila pembe ya sofa, na paipu tupu ndani ya ukuta ya kupitisha waya za baadaye. Kufukua ukuta baada ya rangi ni uchungu. Kazi ya stima mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya serikali, na umuombe uione. Anayekodi asitoboe na kuvuta waya mpya mwenyewe, anunue ekstenshoni nzuri moja, aipitishe kando ya skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, kamwe sio chini ya karpeti.

Hatua ya sita: taa na dari

Soma boksi la balbu. Kuna namba inaishia na K. 6500K ni ile nyeupe ya ofisi na hospitali, na ndio dukani utapewa usiposema. Kwa sebule omba 3000K ama 2700K, hiyo ya njano tulivu. Ukifanya hii peke yake, kubadilisha balbu, sebule inabadilika usiku huo huo. Alafu usitegemee taa moja ya katikati ya dari. Weka taa ya kusimama kwa pembe nyuma ya sofa, nyingine ndogo kwa rafu au karibu na TV, kila moja na swichi yake. Jioni unazima ya juu.

Jipsamu sasa. Najua kila mtu anaitaka. Kama dari yako iko mita 2.6 na ukaishusha yote sentimita 15 au 20 umebaki na chumba cha mtu kuinama. Zungusha pembeni tu, katikati iache kwa kimo chake. Kabla fundi hajaanza hakikisha bafu la juu halivuji, doa la njano kwa dari ni onyo. Na kama unakodi, mimi nakushauri pesa yako iende kwa vitu utabeba ukihama. Jipsamu inabaki na landilodi.

Hatua ya saba: pazia na karpeti

Fimbo ya pazia usiipige juu tu ya dirisha. Ipandishe sentimita 15 hadi 20 ama karibu kabisa na dari, na ipite dirisha kila upande sentimita 20 hadi 30, ndio mchana pazia likae ukutani na kioo chote kibaki wazi. Kitambaa kiwe mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa fimbo. Dirisha la mita 1.5, fimbo ya mita 2, unanunua upana wa mita 4 hadi 5. Likiwa chini ya hapo linaning'inia kama shuka. Pindo liishie sentimita moja juu ya sakafu, mopu ipite. Pazia nyepesi ya shia ikae karibu na kioo kwa ajili ya majirani, nzito upande wa chumbani. Eastleigh ndio utapata kitambaa cha kila aina kwa siku moja, enda asubuhi na vipimo vyako na kipande cha ile katoni ulipaka rangi.

Karpeti, kosa ni kununua ndogo. Ile ya futi 5 kwa 8 katikati ya chumba bila kugusa kitu inafanya viti vionekane vimetawanyika. Miguu ya mbele ya sofa ikanyage karpeti, kwa hivyo sebule nyingi zinataka futi 7 kwa 10. Manyoya marefu yanashika vumbi, na kama kuna mtoto wa pumu kwa nyumba chukua iliyofumwa fupi.

Kwa wale mnajenga

Sebule nzuri inaamuliwa kwa mchoro, kabla ya jiwe la kwanza. Pande ndefu za nyumba ziangalie kaskazini na kusini, madirisha makubwa yawe hapo, na ukuta wa magharibi uweke stoo, ngazi, bafu. Paa litokeze sentimita 60 au zaidi. Saa sita mchana Juni jua letu liko digrii 65 hivi juu ya upeo, kwa hivyo hizo sentimita 60 zinatia kivuli karibu mita moja na robo chini yake, dirisha la kawaida linafunikwa. Madirisha yawe pande mbili za chumba ndio upepo upite.

Watu wanataka sebule, daining na jiko viwe chumba kimoja wazi. Napenda pia, lakini kila ukuta unaoutoa, mzigo wake unaenda kwa bimu, na hiyo bimu inataka injinia wa kuihesabu. Hata kwa nyumba ya zamani, usibomoe ukuta kwa sababu tu fundi amesema "huu haubebi kitu". Nyumba nyingi za mawe za zamani, ukuta ndio nguzo. Mchoraji wa nyumba ahakikishwe kwa BORAQS, bodi inayosajili wasanifu majengo, mkandarasi kwa NCA, mamlaka ya ujenzi, na michoro ipitishwe kaunti. Ukitaka zidaka zako, mwambie fundi aache nafasi wakati mawe yanapanda na aweke linta, ile bimu fupi ya kubeba mawe, juu yake, asije kuchimba baadaye.

Na udongo. Binamu yangu amejenga Ruai, kule ni udongo mweusi, ule unavimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Aliambiwa na fundi wake wa kwanza achimbe kidogo tu amwage sakafu. Mvua moja ikaja, ufa ukapita katikati ya sebule kutoka mlangoni hadi ukuta wa TV. Ilibidi sakafu itolewe yote, udongo mweusi uchimbwe mpaka ule mgumu wa chini, pajazwe hadikoo, yaani mawe ya kujazia, na maramu ikishindiliwa tabaka kwa tabaka. Huo udongo ukiuona kwa ploti yako, pesa ya vigae vya bei iweke kwanza hapo chini.

Hatua ya mwisho: kaa kila mahali

Vitu vikishaingia usitundike picha bado. Wiki ya kwanza kaa kwa kila kiti kwa zamu, asubuhi na saa kumi jioni na usiku. Penye jua linakupiga machoni sogeza kiti sentimita 30. Penye huwezi kufikia mahali pa kuweka kikombe, leta kigoda. Ukiona kila mtu anakaa pembe moja na kiti fulani hakiguswi, uliza ni kwa nini, mara nyingi taa haifiki ama upepo wa mlango unapiga miguu. Rekebisha hayo, alafu ndio uchukue nyundo, picha zipande ukutani katikati yake ikiwa mita 1.45 hadi 1.5 kutoka sakafu, na ile ya familia iwe penye mgeni anaiona akivua viatu.